Dodoso, kikao au kukaa kijijini? Kuchagua njia ya kutafiti watu na hifadhi Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa uzamili, ofisa wa asasi ndogo ya mazingira, mtumishi wa halmashauri aliyeagizwa "kaangalie wananchi wanasemaje kuhusu hifadhi": hawa wote hukwama mahali pamoja. Mada ipo, eneo limeshachaguliwa, fedha kidogo zimepatikana, lakini njia ya kukusanya taarifa haijaeleweka. Ulinganisho huu ni wao. Unahusu njia tatu zinazotumika zaidi huku Kusini: dodoso la kaya, vikao vya vikundi pamoja na ramani, na kukaa kijijini kwa muda mrefu ukiishi na watu.

Pa kutafiti pamejaa. Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 za miamba, mikoko na vijiji ambavyo watu wake wanaishi humo humo ndani ya mipaka. Kilwa kuna misitu ya hifadhi inayomilikiwa na vijiji vyenyewe. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha usimamizi bora wa misitu kinachotolewa chini ya FSC, baraza la kimataifa la misitu, na mpingo wao ukaanza kuuzwa kwa mpango. Kwenye nyanda za Rondo kuna msitu wa hifadhi wenye komba mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Liwale inapakana na Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kila mahali sheria ni nyingine, ofisi ni nyingine, na anayeogopwa ni mwingine. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua ubora wa majibu yako kuliko unavyodhani, kwa sababu huku mtu hujibu kwanza anayedhani amekutuma, halafu ndipo ajibu swali.

Vigezo

Njia zote tatu nimezipima kwa mambo matano. Swali: je, unataka kujua ni wangapi, wanaonaje, au ilikuwaje na kwa nini? Siri: mtu ataweza kukuambia jambo ambalo sheria inamkataza? Wanaoachwa: ni nani hataonekana kabisa kwenye matokeo yako? Muda na gharama. Na mwisho, msomaji: ripoti itasomwa na nani, na huyo atakubali ushahidi wa aina gani?

Dodoso la kaya

Swali. Hapa ndipo dodoso lina nguvu zake. Kaya ngapi zinategemea bahari kwa kitoweo cha kila siku? Mapato ya mwaka yanatoka zaidi kwenye ufuta, korosho au msitu? Wenye mashua wanaiona hifadhi tofauti na wanaotembea kwa miguu mwambani? Ukitaka kulinganisha kijiji kilicho ndani ya hifadhi na kilicho nje yake, au hali ya kabla na ya baada, utahitaji takwimu zilizokusanywa kwa namna moja kila mahali. Kuhusu sampuli, ile fomula ya Yamane ambayo kila tasnifu huibandika kwenye sura ya tatu inasema hivi: kijiji cha kaya 1,200, ukikubali kosa la asilimia 5, kinahitaji kaya 300, kijiji cha kaya 500 kinahitaji 222. Yaani kijiji kikipungua kwa zaidi ya nusu, kazi yako inapungua kwa robo tu. Wengi huligundua hilo wakiwa wameshapanga bajeti.

Siri. Muulize mvuvi kama ametumia kokoro, wavu wa kukokota uliokatazwa, mwaka huu, atakuambia wapo watu wa kijiji cha pili wanaotumia. Usimlaumu, maana hajui karatasi yako inaishia wapi. Ipo mbinu ya orodha inayosaidia, na imewahi kutumika kandokando ya Serengeti kukadiria uwindaji haramu. Unagawa waulizwaji makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa mambo 4 ya kawaida: kupalilia mikorosho, kushona nyavu, kwenda mnadani, kufuga kuku. Kundi la pili linasomewa hayo hayo na la 5, kutumia kokoro. Kila mtu anataja idadi tu ya mambo aliyoyafanya, hataji yapi. Kundi la kwanza likiwa na wastani wa 1.9 na la pili 2.15, tofauti ya 0.25 inakuambia kwamba karibu robo ya watu walitumia kokoro, na hakuna hata mmoja aliyejichomea. Ubaya wake ni kwamba inataka sampuli kubwa, na haikuambii kwa nini.

Wanaoachwa. Hapa pana mengi, vumilia kidogo. Sampuli hutolewa kwenye daftari la wakazi la kijiji. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi ufukweni kwa miezi kadhaa kisha wakaondoka, hawamo. Wafugaji waliofika Lindi kutoka Usangu na Ihefu tangu mwaka 2006 wanaweza kuwa nusu humo, nusu nje, kutegemea mwenyekiti wa kitongoji anawahesabu vipi. Halafu kuna suala la "mkuu wa kaya". Ukimuuliza mume peke yake kuhusu bahari, mke anayekwenda kutanda uduvi na kutafuta pweza amefutika, ingawa hiyo ndiyo bahari iliyo karibu na ambayo hifadhi inaigusa kwanza. Na angalia mwezi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kutoka sana, maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, saa zile zile ambazo wadadisi hupenda kubisha hodi. Utakuta wazee na watoto barazani, na wanawake wote wako mwambani. Subiri maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana. Ni jambo dogo la kuangalia kalenda, na linaweza kubadilisha jedwali zima.

Muda na gharama. Ni njia ya ghali kwa siku. Kuna posho za wadadisi, mafunzo, jaribio la dodoso kwenye kijiji ambacho hakimo, usafiri, na simu au vishikwambi vya kujazia kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu. Kazi yenyewe inaweza kumalizika ndani ya wiki chache. Dodoso likizidi saa moja, majibu ya robo ya mwisho yanakuwa ya kukufukuza kwa adabu.

Msomaji. Halmashauri, wizara na wafadhili wanalielewa. Kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, jedwali la asilimia huwapitia watu kushoto.

Linamfaa mwenye swali la kiasi, timu, na fedha za kulipa timu hiyo. Pia mradi unaohitaji msingi wa kupimia miaka ijayo.

Vikao vya vikundi na ramani

Swali. Kikao hujibu watu wanaonaje kwa pamoja: mpaka wa msitu unapita wapi, sheria ndogo zilipitishwaje, samaki walipungua lini, msimu upi una njaa. Kusini kuna historia ndefu ya njia hii. Programu ya RIPS, iliyofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ilizisukuma sana mbinu shirikishi miaka ya 1990, zikiwamo video ambazo wanakijiji walishiriki kuzitengeneza kuhusu uvuvi wa baruti. Kwa hiyo usishangae ukifika kijiji fulani na mzee mmoja akakuomba karatasi kubwa na kalamu za rangi kabla hujafungua mdomo.

Ramani ndiyo sehemu tamu. Wape wanaume karatasi yao na wanawake yao, wakae mbalimbali. Wanaume wataanza na bahari ya mbali: vilindi, sehemu za kutega, njia ya kwenda visiwani. Wanawake wataijaza karatasi kwa kile kipande kinachokauka maji yakitoka, kila mwamba na jina lake, kila kichaka cha mikoko, kila kisima. Kijiji kimoja, ramani mbili ambazo hazifanani. Ukiziweka pamoja, unaona mara moja kwa nini eneo lililofungwa uvuvi ambalo wanaume wanaliita dogo, wanawake wanasema limewamaliza. Dodoso lingehitaji maswali mengi kulifikia hilo, na huenda lisingelifikia.

Siri. Watu husema makosa kwa urahisi, mradi mkosaji ni "vijana" au "watu wa kuja". Hakuna atakayesema mimi. Tena ukiuliza juu ya fedha za magogo ya msitu wa kijiji huku mjumbe wa Kamati ya Maliasili amekaa kiti cha mbele na mtendaji anaandika mahudhurio, utapata sifa tupu. Mtendaji ni wa kusalimiwa, kushukuriwa kwa kufungua kikao na, kwa heshima zote, kuachwa aendelee na kazi zake. Lipo jambo jingine linalosahaulika: ramani ina miguu. Ile mliyochora ya sehemu za kuvulia inaweza kuishia kwenye meza ya doria, au ikawa ndiyo mchoro wa kufungia eneo. Waambie watu mapema nakala itabaki kwa nani, na wakisema sehemu fulani isiandikwe, isiandikwe.

Wanaoachwa. Kila kijiji kina wajumbe wa kudumu wa vikao. Wanajua soda itakuja saa ngapi. Orodha ikitoka kwa mwenyekiti pekee, utawapata hao. Wafugaji, mjane anayeishi pembezoni, kijana wa bodaboda anayebeba mkaa usiku, hawaitwi, na wakiitwa hawaongei. Vikundi vya watu 6 hadi 10 waliotenganishwa kwa jinsia, umri na kazi hupunguza tatizo, haviliondoi kabisa.

Muda na gharama. Siku mbili tatu kwa kijiji zinatosha. Unahitaji watu wawili, mmoja wa kuongoza na mmoja wa kuandika. Nauli, chakula, viburudisho, na posho, ambayo kiwango chake uulize halmashauri kabla hujaahidi chochote. Gharama iliyofichika ni ya mezani: saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuinakili.

Msomaji. Kijiji chenyewe hukitumia haraka, hasa kama kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi au kinarekebisha sheria ndogo. Mtahini wa chuo atakuuliza kama watu wale tisa wanawakilisha kijiji. Jibu la kweli ni kwamba hawawakilishi, na hukuwaita kwa ajili hiyo.

Kukaa kijijini

Swali. Njia hii hujibu kwa nini sheria ile ile inafuatwa msimu huu na kuvunjwa msimu ujao. Chukua nyavu za macho madogo. Dodoso litakuambia asilimia ya wanaozitumia, kikao kitakuambia kila mtu anajua ni kosa. Ukikaa bandarini alfajiri kadhaa ukatazama mgao unavyogawanywa, unaona kwamba chombo na nyavu ni vya tajiri, samaki wanauzwa kwake kwa bei yake, na deni la msimu wa kusi, bahari ilipochafuka na watu wakakopa unga, linakatwa hapo hapo kwenye beseni. Mwenye kuamua ukubwa wa jicho la wavu hayumo ndani ya mtumbwi na hajahudhuria semina yoyote ya uhifadhi.

Historia nayo inahitaji muda. Liwale, malalamiko juu ya hifadhi hayakuanza na mipaka ya leo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa maeneo hayo, Wangindo hasa, ikitaja ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa Selous. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Mzee anaweza kukuonyesha kwa kidole upande yaliko makaburi ya babu zake, upande wa pili wa mpaka. Swali la "je, unaunga mkono hifadhi, ndiyo au hapana" haliwezi kubeba mzigo huo. Mazungumzo hayo huja siku ambayo hukuuliza kitu, mnabangua karanga.

Siri. Ndiyo njia inayofika mbali zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi kwa wenyeji wako. Utajua nani anapasua mbao usiku. Kuficha jina hakutoshi kijijini: ukiandika "mvuvi mwenye mashua ya injini mbili anayeishi karibu na msikiti", umemtaja. Amua kabla hujafika ni mambo gani hutayaandika popote, hata kwenye daftari lako la pembeni, na waambie watu hivyo.

Wanaoachwa. Kijiji cha jirani, na vingine vyote. Hata ndani ya kijiji kimoja, nyumba unayolala inakuchagulia marafiki. Ukifikia kwa mwenyekiti, wapinzani wake watakusalimia tu. Mwanamume hataingia unyagoni wala mwanamke jandoni, na huko kuna mafunzo kuhusu msitu na miiko yake ambayo hutayasikia kwingine. Kwa Wamakonde na Wamwera, ambako ukoo umehesabiwa upande wa mama, huenda neno la mjomba kuhusu shamba likawa na uzito kuliko la baba mwenye nyumba. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuliona hilo.

Muda na gharama. Fedha kwa mwezi ni kidogo, chumba na chakula. Muda ndio mali inayotumika. Pwani, usipoona kusi na kaskazi zote mbili umeona nusu. Bara, jaribu kuwepo wakati wa kufyeka mashamba mapya ya ufuta na tena wakati wa mavuno.

Msomaji. Halmashauri itakuambia "hicho ni kijiji kimoja". Ni kweli. Lakini Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliijenga hoja yake kuhusu mali za pamoja kwa kulinganisha visa vya mahali pamoja pamoja vilivyochunguzwa kwa kina na wengine. Kisa kimoja kilichoandikwa vizuri huwa tofali la mtu mwingine.

Vipi kuhusu kuchanganya?

Kila andiko la mradi siku hizi linasema "tutatumia njia mchanganyiko". Sina ugomvi na hilo pakiwa na muda. Mpangilio ndio unaofanya kazi: vikao vikitangulia, maswali ya dodoso yanakuwa ya maana kwa watu, dodoso likitangulia, ukaaji kijijini unaweza kufuatilia ile namba moja isiyoeleweka. Kwa wiki tatu, kuchanganya zote ni kufanya vipande vitatu visivyokamilika.

Kabla ya njia yoyote, vibali. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mambo ya wanyamapori yanaihusu pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Barua kisha hushuka mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Barua hiyo inakufungulia mlango, na mhuri wake unakufanya uonekane mtu wa serikali. Msimbati hilo lina uzito zaidi, maana gesi na hifadhi ya bahari viko mahali pamoja, na vurugu za bomba la gesi za mwaka 2013 mjini Mtwara hazijasahaulika. Mwenye kifaa cha GPS cha kupimia mahali ataulizwa anapima nini.

Uchague kulingana na hali yako

Una wiki tatu na tasnifu ya shahada ya kwanza: chukua kijiji kimoja, vikao vilivyotenganishwa vizuri na ramani zake. Kaya 40 za kuokoteza njiani zitakupa jedwali lisiloweza kutetewa.

Halmashauri au mradi unataka kujua kama maisha yamebadilika tangu msitu wa kijiji uanze kuuza magogo: dodoso, pamoja na vijiji vya kulinganishia visivyo na msitu huo, na ukae chini usome madaftari ya mapato ya kijiji. Lirudie baada ya miaka kadhaa kwa maswali yale yale, miezi ile ile. Ukiuliza mara ya kwanza Novemba, fedha za korosho zikiwa mkononi, na mara ya pili Juni mtu anapulizia salfa kwa mkopo, umepima kalenda.

Mada yako ni ujangili, kokoro, baruti au mkaa: ukitaka kiasi, mbinu ya orodha ndani ya dodoso kubwa. Ukitaka sababu, kaa. Vikao viache.

Kijiji chenyewe kimekuomba usaidie kuelewa mgogoro wa mpaka na hifadhi: ramani na vikao kwanza, halafu matembezi ya mpakani pamoja na wazee wa pande zote, hata kama hutakaa mwaka. Matokeo yarudishwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Panga ratiba yako iendane nao, usiuite wa kwako.

Una mwaka mzima na udhamini: kukaa ni fursa ambayo huenda usiipate tena. Wasiopenda kukaa peke yao na kuandika kila usiku bila kuona matokeo kwa miezi wachague kingine, bila aibu yoyote.

Na kama wewe ni mzaliwa wa hapo hapo, lugha unayo na njia unaijua, lakini watakujibu kama mjukuu wa fulani. Habari za mgogoro wa shamba ambao ukoo wako umo hutazipata sawasawa, na wa upande wa pili wana haki ya kutokukuamini. Fanya vikao na dodoso kwenu ukipenda. Hayo ya mashamba na mipaka mwachie mwenzako, au nenda kayaulize kata ya jirani.